Darasa la Kiangazi: Jinsi Kundi la Masomo Linavyoanzishwa na Jinsi Linavyodumu

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Somo la historia.)

  Ninyi mlio darasani Ng'ambo, hapa Tabora mjini, na ninyi mlio katika madarasa mengine kando ya njia ya zamani ya misafara, sogeeni karibu na redio. Mwenye daftari alifungue. Asiye na daftari asione haya. Kwa sasa masikio yanatosha. Somo likiisha, kiongozi wenu atalisoma tena polepole katika karatasi hii, nanyi mtamfuata.

Leo tutazungumza juu ya jambo moja tu: jinsi watu wa mahali pamoja wanavyoanzisha kundi la masomo wakati wa kiangazi. Tutauliza pia kwa nini kundi moja hudumu na jingine hufa. Jambo hili linatuhusu sana. Mtu aliyejifunza herufi kwa taabu katika kiangazi kimoja, kisha darasa lake likafungwa, kiangazi kinachofuata huenda akazikuta zimemtoka kichwani. Hasara hiyo ni yake, na ni ya nyumba yake yote.

Kwanza: Kiangazi cha wazee wetu

Ninyi mnaijua nchi hii. Katika Unyamwezi mvua huanza kama mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Aprili au karibu na hapo. Wakati wa mvua mkulima hana nafasi. Analima, anapanda, anapalilia, anawinga ndege. Baada ya mavuno nafasi hupatikana. Basi wazee wetu waliitumiaje nafasi hiyo?

Katika karne ya 19, Wanyamwezi wengi walikwenda safari. Baada ya kuvuna walifunga mizigo, wakaenda pwani, nao walijitahidi kurudi nyumbani wakati wa kulima. Kutoka Tabora mpaka Bagamoyo ni mwendo wa kilomita mia nane hivi, kwa miguu, na mzigo begani. Mzungu mmoja, Richard Burton, alitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857 akafika hapa mwezi wa Novemba. Wakati ule wageni waliuita mji huu Kazeh. Alitumia zaidi ya miezi minne. Wapagazi waliozoea njia walikwenda upesi kuliko yeye.

Tusifiche ukweli. Njia hiyo haikupitisha pembe za ndovu na nguo peke yake. Ilipitisha pia watumwa, watu waliotekwa na kuuzwa. Historia ya Tabora ina fahari yake, na ina machozi yake.

Lakini leo nataka mtazame jinsi msafara ulivyopangwa. Huenda ulikuwa na watu mia au mia kadhaa. Je, watu wengi namna hiyo waliwezaje kwenda pamoja miezi mingi bila kutawanyika? Mbele alikuwako kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mtu waliyemwamini kwa sababu aliijua njia. Na nyuma yake wapagazi hawakuwa kundi moja kubwa tu. Waligawanyika katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na moto wake na chungu chake. Wenye chungu kimoja walijuana, walisaidiana kubeba, na mmoja akiugua wenzake walijua mara moja. Msafara mkubwa, basi, ulikuwa ni vyungu vidogo vingi vinavyokwenda njia moja.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya misafara mikubwa ikaisha. Lakini likumbukeni neno hilo la chungu kimoja. Tutalirudia.

Pili: Mji wa shule na watu wasiosoma

Wakati wa utawala wa Waingereza mji wa Tabora ulijulikana kwa shule zake. Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 mpaka mwaka 1942. Baada ya masomo yake ya Makerere alirudi hapa, akafundisha katika shule ya St. Mary's kuanzia mwaka 1946 mpaka mwaka 1949. Katika miaka hiyo alifanya kazi pia katika tawi la Tabora la chama cha TAA, chama kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka 1954. Basi watu wa mji huu walijua zamani maana ya tawi: wanachama wachache, katibu, daftari, na siku ya kukutana.

Lakini shule zile zilikuwa za vijana wachache waliochaguliwa. Mtu mzima aliyepita njiani aliyaona majengo, hakuingia. Hata baada ya Uhuru, sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Theluthi mbili ni kusema kwamba wakikaa watu watatu, wawili hawawezi kusoma barua. Barua ya mtoto aliye mbali husomwa na jirani, na siri ya nyumba huwa ya mtaa. Kwenye mizani ya kuuzia mazao mtu huambiwa kilo, naye hana budi kukubali.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Rais Nyerere aliwaambia wananchi kwamba mwaka unaokuja utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya sita zilitangulia katika kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Kisarawe. Kisha kazi ikaenea nchi nzima. Watu waliyaita madarasa hayo ngumbaru. Walimu wa shule walifundisha jioni. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha baba na mama zao. Wengi walikuwa walimu wa kujitolea, nao walipewa bahashishi ndogo tu. Wanafunzi walikutana shuleni, kanisani, msikitini, barazani na chini ya miembe. Na katika madarasa hayo wanawake walizidi wanaume.

Tatu: Redio na kundi

Sasa tusafiri kidogo, tuvuke bahari, kisha tutarudi nyumbani. Katika nchi ya Kanada, kuanzia mwaka 1941 mpaka mwaka 1965, kulikuwa na masomo ya redio kwa wakulima. Huko hakuna kiangazi kama chetu. Wana majira ya baridi kali, theluji hufunika mashamba, na mkulima hukaa nyumbani. Basi walichagua miezi hiyo ya baridi. Majirani walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, wakasoma karatasi waliyoletewa, wakasikiliza redio, wakazungumza juu ya jambo lililosemwa, kisha wakaamua la kufanya. Walikuwa na maneno manne ya kuwaongoza: soma, sikiliza, jadili, tenda. Siku za nguvu zake, makundi hayo yalizidi 1,500.

Mnaona? Wao walichagua baridi na sisi kiangazi, lakini sababu ni ile ile. Darasa la watu wazima hufuata nafasi ya mkulima. Mkulima hawezi kulifuata darasa.

Hapa kwetu njia hiyo ilijaribiwa kidogo kidogo. Mwaka 1969 kulikuwa na masomo ya redio yaliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Mwaka 1970 yakaja ya Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, yakaja ya Wakati wa Furaha, nayo yalifuatwa na watu wapatao 20,000 katika makundi. Hawakuwa wengi kwa nchi kubwa kama yetu. Lakini wapangaji walijifunza mambo mengi: jinsi ya kufundisha viongozi, jinsi ya kufikisha vitabu kwa wakati, na jinsi ya kuandika kitabu ambacho msomaji mpya ataweza kukisoma.

Nne: Kiangazi cha mwaka 1973

Mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa, Mtu ni Afya. Wazee walio darasani huenda wanaikumbuka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliipanga pamoja na wizara na chama, na nchi ya Uswidi ilisaidia fedha. Masomo yaliendelea kwa majuma kumi na mawili, wakati wa kiangazi. Yalihusu malaria, minyoo ya safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu.

Sikilizeni jinsi ilivyopangwa. Kwanza viongozi walifundishwa kwa ngazi. Wachache walifundishwa, nao wakawafundisha wengine mikoani na wilayani, na hao wakawafundisha wengine karibu na vijiji, mpaka wakapatikana viongozi wapatao 75,000. Wengi wao hawakuwa walimu wa kusomea. Walikuwa wananchi wanaoweza kusoma kitabu kwa sauti na kuwaacha wenzao waseme.

Kila juma kundi lilikutana. Lilisikiliza redio. Kiongozi alisoma kitabu. Kisha wakaulizana: Je, ugonjwa huu upo kwetu? Unatoka wapi? Sisi tutafanya nini kabla ya juma lijalo? Swali hili la mwisho ndilo lililokuwa na nguvu. Watu hawakuondoka na maneno tu. Waliondoka na kazi: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji ya kunywa.

Wapangaji walitumaini kupata watu milioni moja. Walipata karibu milioni mbili. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukueni watu 2,000,000. Wagawanyeni kwa viongozi 75,000. Mtapata kama watu 27 kwa kiongozi mmoja. Basi milioni mbili zile, ukizitazama kwa karibu, ni watu wachache wanaojuana, chini ya mti, na mmoja ameshika kitabu. Ndicho chungu kimoja cha wapagazi. Redio ilikuwa kirangozi aliyeonyesha njia, lakini mzigo ulibebwa na vikundi vidogo. Mtu akikosa kufika, wenzake walijua. Mtu akisema ameshachimba choo, wenzake walipita kukiona.

Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Nayo ilipata watu wengi sana.

Tano: Mvua zilipoanza

Ndugu zangu, sasa tuje kwenye upande mgumu wa habari hii.

Kazi ya kisomo iliendelea vizuri kwa miaka mingi. Mtihani wa nchi nzima wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua mpaka kama watu 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walibaki wasiofikia 10 katika kila 100. Nchi nyingi zilikuja kutazama jinsi Tanzania ilivyofanya.

Lakini wakati huo huo mambo yalikuwa yakigeuka. Vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin viligharimu fedha nyingi. Uchumi wa nchi ukadhoofika. Mafuta ya taa yakawa haba, na mawe ya redio pia, na karatasi, na chaki. Bahashishi ya mwalimu wa kujitolea ikachelewa, au isifike kabisa. Watoto wengi wakaacha shule kabla ya kumaliza, nao wakakua bila kisomo. Madarasa yakafungwa moja baada ya jingine. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kama 22 hawakujua kusoma na kuandika.

Je, tuseme kazi ile ilikuwa bure? Hasha. Wapo babu na bibi wanaosoma mpaka leo kwa sababu ya darasa la chini ya mwembe. Na choo kilichochimbwa kiliwakinga watoto wa nyumba ile. Lakini tujifunze kosa. Madarasa mengi yalitegemea kitu kimoja kutoka mbali: bahashishi, kitabu, au amri. Kitu hicho kilipokoma, darasa nalo likakoma. Hakuna aliyekuwa ameulizwa, "Vitu hivi vikikosekana, sisi wenyewe tutafanyaje?"

Katika miaka ya 1990 palianzishwa mpango ulioitwa MUKEJA, uliojaribu kusahihisha kosa hilo. Katika mpango huo wanakisomo walianza kwa kusema wenyewe matatizo yao na mambo wanayotaka kujifunza. Walichagua pia kazi ndogo ya kuwapatia kipato, wakajifunza kusoma na kuhesabu pamoja na kazi hiyo. Kundi lenye kazi yake na fedha yake ndogo halisubiri sana gari la kutoka mjini.

Sita: Kuanzisha kundi letu

Sasa tuseme watu wa Ng'ambo wanataka kundi la masomo la kiangazi, lisilotafuta faida, kwa ajili ya watu wazima, na kwa vijana walioacha shule. Historia tuliyoisikia inatuambia nini?

Inatuambia tuanze kwa kuuliza, si kwa kutangaza. Watu watatu au wanne wapite nyumba kwa nyumba. Wasiseme, "Tumewaletea elimu." Waulize, "Mwataka kujua nini?" Mmoja atasema anataka kusoma ujumbe wa simu asiombe mtoto. Mwingine anataka kuandika hesabu ya genge lake. Mwingine anataka kusoma Kurani au Biblia kwa macho yake mwenyewe. Majibu hayo ndiyo masomo ya kwanza.

Inatuambia tuonane mapema na mwenyekiti wa mtaa na maofisa wa elimu ya watu wazima. Pengine wana vitabu, na pengine wana chumba cha shule wakati wa likizo. Kundi lisilojulikana na wenye mji huzua maneno.

Inatuambia saa ya darasa ichaguliwe na wanawake kwanza. Wao ndio walioyajaza madarasa ya zamani, nao ndio wenye maji, kuni na chakula cha jioni. Saa ikiwafaa wao, itawafaa wengi.

Inatuambia kundi liwe dogo. Wakizidi thelathini, ligawanywe liwe mawili. Kila kundi liwe na kiongozi, na kila kiongozi awe na msaidizi anayejifunza kazi yake. Kiongozi mmoja akihama au akiugua, darasa lisihame wala lisiugue pamoja naye.

Inatuambia pawe na madaftari mawili. La kwanza ni la mahudhurio. Mtu akikosa mara mbili, wenzake waende kumjulia hali. La pili ni la fedha. Hata kama fedha yenyewe ni ya chaki na taa tu, iandikwe, na isomwe mbele ya wote kila mwezi. Usomaji huo ni somo la hesabu, tena ni dawa ya fitina.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Siku ya kufunga masomo ya kiangazi isiwe ya kula pilau na kuagana tu. Iwe pia siku ya kupanga masika. Wakati wa mvua hatuwezi kukutana mara tatu kwa juma. Lakini je, hatuwezi kukutana mara moja kila majuma mawili, tusome ukurasa mmoja, tuandike barua moja? Aliyejua kusoma kidogo akisoma kidogo, hasahau. Haba na haba hujaza kibaba. Kundi lililojipangia masika, kiangazi kinachofuata halianzi upya.

Ndugu wasikilizaji, wapagazi wa zamani walirudi nyumbani mvua ilipokaribia, lakini njia hawakuisahau. Mwaka uliofuata waliondoka tena, na vijana wapya nyuma yao. Nasi tufanye hivyo.

Somo letu limekwisha. Kiongozi wa darasa, tafadhali soma maswali haya kwa sauti, na kila mtu apate nafasi ya kusema. Mpaka juma lijalo, kwaherini.

Maneno ya kujifunza

Kirangozi: kiongozi wa njia katika msafara wa zamani.
Bahashishi: malipo madogo ya kumshukuru mtu, yasiyo mshahara.
Kisomo: elimu ya kusoma, kuandika na kuhesabu.
Mahudhurio: kufika darasani, hesabu ya waliofika.
Theluthi: sehemu moja katika tatu.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Wanyamwezi wa zamani walisafiri kiangazi? Kwa nini masomo ya Mtu ni Afya yalifanywa wakati huo huo?
2. Kampeni ya mwaka 1973 ilikuwa na viongozi wapatao 75,000. Walipatikanaje?
3. Taja mambo matatu yaliyofanya madarasa mengi yafungwe. Ni lipi linaweza kulipata darasa letu?
4. Hesabu: Darasa lina watu 24. Kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa mwezi, zitapatikana shilingi ngapi kwa miezi mitatu? Zitatosha kununua nini?
5. Amueni pamoja: Mvua zikianza, tutakutana siku gani, saa ngapi, na nyumbani kwa nani? Andikeni jibu katika daftari la darasa.